Kufungua Duka Mtandao na Kupokea Malipo: Mambo ya Msingi kwa Muuzaji na Mnunuzi

Na Mwandishi Wetu

Kitenge kinachoonekana asubuhi kwenye simu ya mteja aliyeko Songea kinaweza kulipiwa mchana, kupakiwa jioni kwenye basi jijini Dar es Salaam na kupokelewa stendi siku inayofuata. Katika safari hiyo yote muuzaji na mnunuzi huenda wasionane hata mara moja. Kinachowaunganisha ni jina lililoandikwa kwenye ukurasa wa biashara, namba inayopokea fedha na risiti inayothibitisha kwamba mauzo yamefanyika.

Makala haya yanaeleza hatua za kufungua duka mtandao Tanzania Bara, njia halali za kupokea malipo ya wateja, na tahadhari ambazo muuzaji na mnunuzi wanapaswa kuzichukua. Msingi unaopita katika hatua zote ni mmoja: jina lililosajiliwa ndilo linalopaswa kuonekana kwenye tovuti, kwenye namba ya malipo, kwenye akaunti ya benki na kwenye risiti. Majina yanapotofautiana, mnunuzi hukosa namna ya kujua fedha zake zimekwenda kwa nani, naye muuzaji mwaminifu hukosa namna ya kujitofautisha na tapeli.

Kwa upande wa Zanzibar, usajili hufanywa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar (BPRA), na kodi zisizo za Muungano husimamiwa na Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA). Wafanyabiashara wa huko wanapaswa kufuata taratibu za taasisi hizo.

Duka mtandao ni biashara kama biashara nyingine

Duka mtandao ni mahali popote kwenye intaneti ambapo bidhaa au huduma hutangazwa, huagizwa na kulipiwa. Inaweza kuwa tovuti yenye kikapu cha manunuzi, ukurasa katika soko la pamoja la mtandaoni, au akaunti ya mtandao wa kijamii ambako wateja huagiza kwa ujumbe na kulipa kwa simu. Kukosekana kwa fremu, meza au kibao cha jina hakuiondoi biashara hiyo katika wajibu wa usajili, leseni, kodi na ubora wa bidhaa.

Aidha, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Mwaka 2015 inatambua mikataba inayofungwa kwa njia ya kielektroniki. Maana yake ni kwamba agizo lililotumwa kwa ujumbe na kukubaliwa na muuzaji si mazungumzo ya kupitisha muda. Linaweza kuwa makubaliano yenye nguvu ya kisheria, na ujumbe huo unaweza kuwa ushahidi endapo mgogoro utatokea.

Hatua ya kwanza: usajili wa jina

Usajili wa majina ya biashara na kampuni hufanywa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) kupitia mfumo wake wa mtandao. Mwombaji wa Kitanzania hutumia Namba ya Utambulisho wa Taifa inayotolewa na NIDA. Kabla ya kuomba, inashauriwa kutafuta kwanza katika mfumo huo ili kuona kama jina linalokusudiwa halijachukuliwa na mtu mwingine.

Mfanyabiashara huchagua kati ya njia mbili kuu. Jina la biashara ni njia nyepesi kwa anayeanza, lakini halimtenganishi mmiliki na biashara yake. Deni la duka ni deni lake binafsi. Kampuni, inayosajiliwa chini ya Sheria ya Makampuni ya Mwaka 2002, huwa na hadhi yake kisheria, na pamoja na hadhi hiyo huja wajibu wa kuwasilisha taarifa za kila mwaka.

Jambo ambalo wengi hulichanganya ni tofauti kati ya jina la biashara na alama ya biashara. Kusajili jina hakukupi haki ya pekee juu ya nembo unayoibandika kwenye bidhaa. Anayetaka kuilinda nembo yake anapaswa kusajili alama ya biashara, kazi ambayo pia hufanywa na BRELA. Usajili huo hudumu miaka 7 kwa mara ya kwanza na unaweza kuhuishwa kwa vipindi vya miaka 10.

Kabla ya kulikamilisha jina, ni busara kuangalia pia kama linapatikana kama jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, na kama akaunti za mitandao ya kijamii zenye jina hilo hazijachukuliwa. Anwani zenye kiishio cha Tanzania, kama vile .co.tz, hupatikana kupitia mawakala waliosajiliwa. Hakikisha kikoa kimeandikishwa kwa jina lako au la kampuni yako, na si kwa jina la fundi aliyekutengenezea tovuti.

TIN, leseni na vibali vya bidhaa

Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi (TIN) hutolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) bila malipo. Mtu anayedai fedha ili akupatie TIN anapaswa kutiliwa shaka.

Leseni ya biashara hutolewa chini ya Sheria ya Leseni za Biashara Na. 25 ya Mwaka 1972. Leseni za kundi A hutolewa na BRELA, na zile za kundi B hutolewa na halmashauri ambako biashara ipo. Maombi ya kundi B hufanywa kupitia mfumo wa TAUSI wa Serikali za Mitaa. Kundi hutegemea aina ya biashara. Hivyo mwombaji aeleze kwa usahihi anauza nini na bidhaa zinahifadhiwa wapi, hata kama ghala ni chumba kimoja cha nyumba anamoishi.

Ada zote za Serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba inayotolewa na mfumo husika. Hazilipwi kwenye namba ya simu ya mtumishi wala ya mtu anayejitambulisha kuwa wakala wa taasisi.

Zipo bidhaa zinazohitaji uthibitisho zaidi. Vyakula na vipodozi vipo chini ya usimamizi wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Dawa na vifaa tiba vipo chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), wala haviuzwi na mtu yeyote anayejisikia kuviuza kwa sababu tu ana ukurasa wenye wafuatiliaji wengi. Udhibiti wa bidhaa bandia na matangazo ya kupotosha ni jukumu la Tume ya Ushindani (FCC). Picha ya kiatu halisi inayotumika kuuzia kiatu cha kuigiza ni upotoshaji, hata kama bei ni nafuu na mteja hakulalamika.

Kuchagua jukwaa la kuuzia

Njia tatu hutumika zaidi, na kila moja ina faida na mipaka yake.

Akaunti ya mtandao wa kijamii haina gharama kubwa ya kuanzia na huwafikia wateja haraka. Udhaifu wake ni kwamba akaunti inaweza kudukuliwa au kufungwa, na orodha nzima ya wateja ikapotea. Maagizo nayo hutawanyika kwenye ujumbe mbalimbali kiasi kwamba ni vigumu kujua nani amelipa na nani bado.

Soko la pamoja la mtandaoni huleta wateja walioko tayari na hurahisisha malipo. Kwa malipo ya huduma hiyo, mwenye soko hukata kamisheni, hupanga masharti ya kurudisha bidhaa na huamua siku ya kumlipa muuzaji. Masharti hayo yasomwe yote kabla ya kupandisha bidhaa ya kwanza.

Tovuti ya biashara yenyewe humpa mmiliki udhibiti mkubwa wa bei, taarifa na kumbukumbu. Inahitaji mtu wa kuihudumia, kuihuisha mara kwa mara na kutunza nakala za akiba. Anayeanza na bidhaa chache anaweza kuanzia mitandao ya kijamii, ilimradi malipo, kumbukumbu na risiti viwe rasmi tangu siku ya kwanza.

Bila kujali jukwaa, ukurasa wa duka unapaswa kuonyesha jina kamili la biashara, mahali ilipo, namba ya mawasiliano inayopatikana, maelezo ya kweli ya bidhaa, bei kamili, gharama ya usafirishaji, muda wa kufikisha mzigo na utaratibu wa kurudisha bidhaa. Mtindo wa kuandika "bei njoo faragha" humnyima mnunuzi taarifa anayohitaji ili aamue, na humpa muuzaji kazi ya kujibu swali lilelile mara mia.

Bei za bidhaa na huduma zinazouzwa nchini zinapaswa kutajwa kwa shilingi. Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni za Mwaka 2025, zilizoanza kutumika tarehe 28 Machi 2025, zinakataza kutangaza au kudai bei kwa fedha za kigeni katika miamala ya ndani, isipokuwa pale kanuni zenyewe zinaporuhusu.

Njia za kupokea malipo

Malipo ndiyo moyo wa duka mtandao. Njia zifuatazo zinapatikana nchini.

*Lipa Namba.* Hii ni namba ya mfanyabiashara inayotolewa na mitandao ya simu na benki. Tofauti yake na namba binafsi ni kubwa. Lipa Namba hubeba jina la biashara, na mnunuzi huliona jina hilo kabla ya kuweka namba yake ya siri. Mapato ya duka hayachanganyiki na fedha za matumizi ya nyumbani, na taarifa ya miamala hupatikana kwa urahisi pale hesabu zinapohitajika. Mfanyabiashara asiridhike na kupewa namba tu. Ajaribu kuilipa mwenyewe kiasi kidogo ili aone ni jina gani linalojitokeza kwa mteja.

*Ombi la malipo kwenye simu ya mteja.* Tovuti iliyounganishwa na mfumo wa malipo humwomba mteja aandike namba yake ya simu. Baada ya hapo ombi hujitokeza kwenye simu yake likionyesha jina la mpokeaji na kiasi, naye huthibitisha kwa namba ya siri. Namba ya siri huwekwa kwenye simu peke yake. Tovuti yoyote inayomtaka mteja aandike namba ya siri ya akaunti yake ya simu ndani ya ukurasa wake inapaswa kuepukwa.

*Benki na msimbo wa QR.* Mfumo wa Malipo ya Papo kwa Papo, unaojulikana kama TIPS na kuendeshwa na Benki Kuu ya Tanzania, huwezesha fedha kuhama mara moja kati ya benki na mitandao ya simu. Kiwango cha taifa cha msimbo wa QR, TANQR, kimewekwa ili msimbo mmoja uweze kusomwa na watoa huduma mbalimbali. Kwa muuzaji, hii ina maana kwamba hahitaji kumlazimisha mteja awe katika mtandao uleule alio nao yeye.

*Kadi za benki.* Kadi huhitajika zaidi na duka linalouza kwa watalii au kwa wateja walioko nje ya nchi. Muuzaji anapaswa kufahamu kwamba mwenye kadi anaweza kuyapinga malipo kupitia benki yake hata baada ya bidhaa kutumwa. Kinga ya muuzaji ni ushahidi: agizo lenyewe, mawasiliano na mteja, na uthibitisho kwamba mzigo umepokelewa. Namba za kadi zisihifadhiwe kwenye daftari, kwenye ujumbe wala kwenye tovuti ya duka, na tarakimu tatu za nyuma ya kadi haziruhusiwi kuhifadhiwa kabisa baada ya malipo kuidhinishwa.

*Kulipa wakati wa kupokea mzigo.* Wateja wengi huipenda njia hii kwa sababu huona bidhaa kwanza. Hatari yake humwangukia muuzaji: mteja anaweza asipatikane, akabadili mawazo au akadai punguzo mlangoni. Dereva wa bodaboda apewe kadi yenye Lipa Namba ya duka ili malipo yaingie moja kwa moja kwenye biashara, badala ya kupitia simu yake mwenyewe.

Duka linalotaka kupokea malipo ya mitandao yote na kadi kwa pamoja linaweza kutumia kampuni ya kuunganisha malipo. Watoa huduma za malipo wanapaswa kuwa na leseni ya Benki Kuu chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya Mwaka 2015. Kabla ya kutia saini mkataba, mfanyabiashara aulize maswali manne: Ada ni kiasi gani na nani anaibeba? Fedha huingia katika akaunti ya duka baada ya muda gani? Mteja anarudishiwaje fedha, na je, ada nayo hurudishwa? Na endapo mfumo utakatika katikati ya muamala, nani wa kupigiwa simu?

Kuthibitisha malipo kabla ya kukabidhi mzigo

Hasara nyingine kwa muuzaji hutokea bila mtu kuvunja mlango. Mtu huagiza bidhaa, kisha hutuma ujumbe mfupi uliotungwa kufanana na ujumbe wa malipo, au picha ya muamala iliyohaririwa. Muuzaji aliye na haraka hukabidhi mzigo, na jioni akifunga hesabu hugundua kwamba fedha hazikuingia.

Kanuni ya kufuata ni rahisi: ujumbe si fedha. Malipo yathibitishwe kwa kuangalia salio au orodha ya miamala katika akaunti ya mfanyabiashara, kwa kulinganisha mambo matatu, yaani kiasi, muda na namba ya kumbukumbu ya muamala. Kila namba ya kumbukumbu iandikwe kwenye agizo lake, ili muamala mmoja usitumike kudai mizigo miwili.

Kwa tovuti zilizounganishwa na mfumo wa malipo, uthibitisho unaopaswa kutegemewa ni taarifa inayotoka moja kwa moja kwenye seva ya mtoa huduma kwenda kwenye seva ya duka. Ukurasa wa "asante kwa malipo" unaoonekana kwa mteja hautoshi, kwa kuwa unaweza kufunguliwa bila malipo kukamilika. Mtaalamu anayeunda mfumo ahakikishe kwamba programu inalinganisha kiasi kilicholipwa na bei ya agizo, na kwamba taarifa ikija mara mbili agizo halihesabiwi mara mbili. Kabla ya duka kufunguliwa, yafanyike majaribio ya malipo yaliyofanikiwa, yaliyoshindikana na yaliyokatizwa njiani.

Mtu mwingine wa kuchukuliwa kwa tahadhari ni anayedai kuwa amelipa zaidi kwa makosa na kuomba arudishiwe ziada haraka, pengine kwenye namba tofauti. Fedha zirudishwe baada ya kuthibitisha kwamba ziliingia, na zirudishwe kwa njia ileile na kwa namba ileile zilikotoka.

Risiti, kumbukumbu na kodi

Kaulimbiu ya "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti" inahusu pia mauzo ya mtandaoni. Mfanyabiashara mwenye mauzo ghafi ya kuanzia Sh. milioni 11 kwa mwaka anatakiwa kutoa risiti ya kielektroniki. Mwenye mauzo yanayofikia Sh. milioni 200 kwa mwaka anatakiwa kujisajili katika Kodi ya Ongezeko la Thamani. Risiti inaweza kuwekwa ndani ya mzigo au kutumwa kwa mteja kama picha inayosomeka. Ujumbe wa simu unaoonyesha fedha zimepokelewa hauchukui nafasi ya risiti hiyo.

Kiwango hicho cha kwanza si kikubwa kama kinavyosikika. Tuchukue mfano wa duka linalouza mikoba 37 kwa mwezi, kila mmoja kwa Sh. 25,000. Mauzo ya mwezi ni Sh. 925,000, sawa na Sh. 11,100,000 kwa mwaka, na hivyo duka limevuka kiwango. Tuseme mtoa huduma wa malipo anakata ada ya asilimia 2. Kinachoingia benki kitakuwa Sh. 906,500 kwa mwezi, au Sh. 10,878,000 kwa mwaka. Mwenye duka anayetazama taarifa ya benki peke yake atadhani yuko chini ya kiwango, kumbe hayupo. Mauzo ghafi huhesabiwa kabla ya kukata ada. Ada hiyo ni gharama ya biashara na huandikwa upande wake.

Kwa sababu hiyo, kila siku ya biashara ilinganishwe katika orodha tatu: maagizo yaliyopokelewa, miamala iliyoingia na mizigo iliyotoka. Tofauti ikigunduliwa siku hiyohiyo hutatuliwa kwa simu moja. Ikigunduliwa baada ya miezi mitatu huwa hasara. Kumbukumbu za biashara kwa ajili ya kodi zinatakiwa kutunzwa kwa kipindi kisichopungua miaka 5.

Kufikisha mzigo na kurudisha bidhaa

Mfumo wa Anwani za Makazi umerahisisha kumpata mteja mahali alipo. Fomu ya agizo iwe na nafasi ya jina la barabara au mtaa, namba ya nyumba na kata, badala ya maelezo kama "karibu na mwembe mkubwa". Mizigo ya mikoani inaweza kutumwa kupitia Shirika la Posta Tanzania, kampuni za usafirishaji wa vifurushi au mabasi. Kwa njia yoyote itakayotumika, muuzaji abaki na stakabadhi ya kusafirishia, na amtumie mteja picha ya stakabadhi hiyo pamoja na muda ambao mzigo unatarajiwa kufika.

Utaratibu wa kurudisha bidhaa uandikwe mapema na uonekane kabla ya mteja kulipa. Ueleze ni siku ngapi zinaruhusiwa, bidhaa iwe katika hali gani, nani anayelipa nauli ya kurudisha, na fedha zitarudi lini. Maandishi ya "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" hayamwondolei muuzaji wajibu pale alipopeleka kitu kibovu au kitu tofauti na kilichoagizwa.

Taarifa binafsi za wateja

Kila agizo humwachia muuzaji jina, namba ya simu na mahali anapoishi mteja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu kujisajili katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kukusanya zile tu zinazohitajika kwa kusudi lililoelezwa, na kuzilinda zisivuje.

Katika mitandao ya kijamii umezuka mtindo wa wauzaji kuweka hadharani picha za ujumbe wa malipo na mazungumzo na wateja ili kuonyesha kwamba biashara yao ni ya kweli. Mara nyingi picha hizo huanika jina kamili, namba ya simu na hata mtaa wa mteja ambaye hakuombwa ridhaa. Muuzaji anayehitaji ushuhuda amwombe mteja kwanza, na afiche taarifa zote zinazomtambulisha. Vilevile, namba za wateja zilizokusanywa kwa ajili ya kufikisha mizigo zisigawiwe kwa wafanyabiashara wengine wala kutumika kuwatumia matangazo wasiyoyaomba.

Kwa mnunuzi: mambo ya kuangalia kabla ya kulipa

Mnunuzi ana nafasi yake ya kujilinda, na sehemu kubwa ya ulinzi huo hufanyika kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho.

- Soma jina linalojitokeza unapolipa. Kama duka linaitwa kwa jina moja na mpokeaji ni mtu binafsi mwenye jina jingine, sitisha malipo na uulize.
- Usishawishike na bei iliyo chini mno kuliko ya soko, wala na shinikizo la "lipa sasa hivi, zimebaki mbili".
- Alama ya kufuli kwenye kivinjari huonyesha kwamba mawasiliano yamefichwa; haithibitishi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu.
- Usimtajie mtu yeyote namba ya siri wala namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu yako, hata akijitambulisha kuwa mhudumu wa benki, wa mtandao wa simu au wa duka.
- Pendelea kulipa kwa Lipa Namba, na uhifadhi ujumbe wa muamala, mazungumzo na risiti hadi utakaporidhika na bidhaa.
- Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" usijibiwe wala usitekelezwe.

Mambo yanapokwenda kombo

Malipo yakienda kwa namba isiyo sahihi, au yakikatwa mara mbili, hatua ya kwanza ni kuwasiliana mara moja na mtoa huduma wako wa simu au benki ukiwa na namba ya kumbukumbu ya muamala. Kuchelewa hupunguza uwezekano wa fedha kuzuiwa kabla hazijatolewa. Mteja asiyeridhika na majibu ya mtoa huduma za fedha anaweza kupeleka lalamiko lake Benki Kuu ya Tanzania.

Ujumbe wa kitapeli upelekwe pamoja na namba iliyoutuma kwenda 15040, namba iliyotengwa kwa ajili hiyo chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Mwananchi anaweza pia kupiga *106# ili kuona namba za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na kuchukua hatua akikuta asiyoitambua. Namba ya aina hiyo inaweza kutumika kupokea fedha za utapeli kwa jina lake.

Udanganyifu unaofanywa kupitia kompyuta au simu ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Mwaka 2015, na taarifa zake hutolewa katika kituo cha Polisi. Malalamiko kuhusu bidhaa bandia au matangazo ya uongo hupelekwa FCC. Kuhusu ubora wa vyakula na vipodozi, TBS. Na kuhusu matumizi mabaya ya taarifa binafsi, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Muhtasari wa hatua kwa anayeanza

1. Tafuta jina, kisha lisajili BRELA, na uandikishe kikoa na akaunti za mtandao kwa jina hilohilo.
2. Pata TIN kutoka TRA na leseni kutoka mamlaka inayohusika.
3. Hakikisha bidhaa zako zina vibali vinavyotakiwa.
4. Fungua akaunti ya benki na Lipa Namba kwa jina la biashara, na ujaribu kulipa ili kuona jina linalojitokeza.
5. Andika bei kwa shilingi, gharama za usafirishaji na masharti ya kurudisha bidhaa mahali panapoonekana.
6. Jisajili katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na uweke utaratibu wa kulinda taarifa za wateja.
7. Thibitisha kila malipo kwenye akaunti, toa risiti, na ulinganishe maagizo, miamala na mizigo kila siku.

Ada, viwango na taratibu hubadilika kwa sheria na kanuni zinazotungwa kila mwaka, hususan kupitia Sheria ya Fedha. Wananchi wanashauriwa kuthibitisha viwango vinavyotumika katika ofisi au tovuti rasmi za taasisi zilizotajwa kabla ya kufanya malipo yoyote.